Uko Wapi Saa Hii?

Saa kumi na nusu alfajiri, Probox ya kaka yangu ilizima ndani ya Mukuru kwa Njenga, upande wa Sisal. Ilikuwa imebeba kreti sita za nyanya, magunia mawili ya vitunguu, sukuma wiki na viazi, vyote kutoka Marikiti, vyote vimeshalipiwa na wanawake saba. Baadhi yao wana vibanda vya chakula. Wateja wao ni watu wanaotembea kwenda Industrial Area kabla jua halijatoka, na mtu wa kutembea hangoji nyanya ifike. Akikuta sufuria haijainjikwa anapita, anakula kwa jirani, na kesho yake anarudi kwa huyo huyo jirani.

Kaka alinipigia mimi. Miezi mitatu kabla ya hapo tulikuwa tumejiunga na huduma ya kuokoa magari yanayoharibika njiani, na kwa kuwa kwetu mimi ndiye wa makaratasi, kadi ilikuwa kwangu. Nikapiga namba iliyoandikwa nyuma yake. Sauti yenye adabu ikapokea.

"Uko wapi saa hii, madam?"

"Mukuru kwa Njenga. Ndani kidogo, Sisal."

Kimya. Nikasikia mtu akibonyeza kompyuta.

"Hiyo ni barabara gani?"

"Haina jina. Ukitoka kwa lami unaingia kama unaenda..."

"Madam, gari yetu haiingii huko. Mkifika barabara kuu mtupigie tena."

"Lakini gari imekufa. Itafikaje barabara kuu?"

"Mkifika, mtupigie."

Basi vijana wanne waliokuwa wakifungua kituo chao cha kuosha magari wakaacha ndoo zao, wakasukuma. Tope lilikuwa la vifundoni. Wale wanawake walishakodi mkokoteni na boda wawili kuhamisha mzigo, kwa pesa yao wenyewe, wakinung'unika, na haki walikuwa nayo. Lori la kuvuta magari, lile tunaloita brekidauni, lilifika kwenye lami saa mbili na robo. Dereva wake alitaka kuivuta Probox hadi gereji fulani mbali kabisa. Kaka akakataa, akamwita fundi wa mtaa. Fundi akafungua boneti, akakuta waya wa betri umelegea na kuliwa na kutu. Dakika kumi, soo mbili, gari likawaka.

Kwa ufupi, kabla kadi yetu haijaanza kufanya kazi, tulihitaji watu wa kutusukuma hadi mahali inapoanzia kufanya kazi. Jioni nilipomweleza Mzee, baba yetu, ambaye alifanya kazi ya umakanika Grogan kwa miaka mingi, alicheka hadi akakohoa. "Hiyo kadi mlinunulia barabara," akasema. "Gari yenu haimo."

Kaka akanipa kazi: "Wewe ndiye ulisoma. Tafuta kampuni ingine, ya kueleweka." Nilidhani ni kazi ya jioni moja, kulinganisha bei na kupiga simu. Ikawa ya wiki tatu, kwa sababu lile swali la "uko wapi" lilinikaa kichwani. Nilitaka kujua huduma hii ilitoka wapi, na ilianzishwa kwa ajili ya nani.

*

Ilianza kama chama. Nasema chama kwa maana tunayoijua sisi, watu wenye shida moja wanaochanga pesa. Mwaka 1905 wenye magari walikutana katika mkahawa mmoja jijini London wakaunda Automobile Association, AA. Shida yao ya kwanza haikuwa pancha wala injini. Ilikuwa polisi. Sheria ya 1903 iliwakataza kupita maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, na askari walijificha vichakani na saa mkononi kuwapima mwendo. AA ikaajiri watu wa baiskeli wapite barabarani kuwaonya wanachama kwamba mbele kuna mtego.

Mahakama zilipoanza kuwabana kwa kuzuia kazi ya polisi, wakabuni ujanja. Mtu wa baiskeli alikuwa akimpigia saluti kila mwanachama, ambaye alijulikana kwa beji iliyofungwa mbele ya gari. Siku ambayo hakupiga saluti, mwanachama alielewa. Hakuna aliyeonywa, hakuna neno lililosemwa, na huwezi kumshtaki mtu kwa kutopiga saluti. Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu. Ni matatu zetu kabisa, dereva akimwashia mwenzake taa mara mbili au kuzungusha kidole hewani, na mwenzake anajua karao wako mbele.

Kutoka kuonyana wakafika kusaidiana. Wale watu wa baiskeli walijifunza kubadilisha tairi na kusafisha plagi. Baadaye kukajengwa vibanda vya simu kando ya barabara za Uingereza, na kila mwanachama alikuwa na ufunguo. Gari likikufa usiku, unatembea hadi kibandani, unafungua, unaita msaada. Asiye mwanachama angeweza kusimama nje ya kibanda kile kile, kwenye mvua ile ile, akaiona simu kupitia kioo.

Huu ufunguo ndio mama wa kadi yetu. Tangu mwanzo huduma ilikuwa na pande mbili, gari na uanachama, na upande wa pili ndio uliokuwa na nguvu zaidi.

*

Chama hicho kilifika kwetu mwaka 1919. Hapa Nairobi kiliitwa Royal East African Automobile Association, na ndicho mzazi wa AA ya Kenya ya leo. Nairobi ya wakati huo ilikuwa na umri wa miaka 20 tu tangu reli ifike. Tambarare za Embakasi, ambako baadaye mtaa wetu ungekua, ni udongo mweusi unaonata. Kila aliyewahi kuvuka Mukuru wakati wa masika anaujua: unavua kiatu kwanza, halafu unakivua kutoka ardhini. Magari ya walowezi yalizama humo humo. Walioyasukuma na kuyavuta walikuwa Waafrika.

Miaka hiyo hiyo, wanaume wa Kiafrika nao walipewa kitu cha kubeba. Sheria ya kuwasajili ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande, karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Hebu viweke pamoja. Mlowezi alikuwa na beji mbele ya gari lake ili anayepita ajue kwamba huyu ni wa kusaidiwa. Msukumaji wake alikuwa na kipande shingoni ili anayepita ajue kwamba huyu ni wa kukaguliwa. Wote wawili waliulizwa swali moja, wewe ni nani na unatoka wapi, na majibu yao yaliwapeleka pande tofauti.

Mzee aliposikia nikisoma kuhusu walowezi akaniuliza kama nimefika kwa Grogan. Nilijua Grogan kama mahali pa spea. Yeye alijua zaidi. Barabara hiyo, ambayo baada ya uhuru ilipewa jina la Kirinyaga Road ingawa mafundi wengi bado wanasema Grogan, ilibeba jina la Ewart Grogan, mlowezi aliyesifika kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo. Mwaka 1907 huyo Grogan na wenzake waliwachapa viboko Waafrika watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Watatu hao walikuwa wavuta riksho, na kosa walilosingiziwa ni kuwakosea heshima wanawake wa Kizungu waliokuwa wamewabeba. Grogan alifungwa mwezi mmoja. Kisha akapewa barabara.

"Na sisi tukaijaza mafuta machafu na spana," Mzee akasema. "Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yetu."

*

Kuna mtu mmoja katika historia hii ninayempenda. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alianza kama kijana wa spana kwenye gereji za Nairobi, na mwaka 1958 ile Royal East African Automobile Association ikamwajiri kuwa mtu wake wa kwanza wa doria, yaani fundi wa kwenda kuokoa magari yaliyokwama. Waza kazi hiyo mwaka huo, hali ya hatari bado haijaondolewa, wanachama wengi ni Wazungu, na anayefika na jeki ni kijana wa Kisikh mwenye kilemba.

Wakati huo mashindano ya Safari yalikuwa yameshaanza. Yalizinduliwa 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, miezi michache baada ya hali ya hatari kutangazwa. Joginder alishiriki kwa mara ya kwanza 1959. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant wakashinda wakiendesha Volvo PV544 ambayo ilikuwa mkono wa pili, tena ilishachoshwa na mashindano. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Alikuwa wa kwanza kuyashinda mara tatu.

Watu husifu mwendo wake, hadi wakamwita Flying Sikh. Mimi naona kilichomsaidia ni ile kazi ya doria. Safari ya zamani haikushindwa na mwenye kasi peke yake, ilishindwa na gari lililofika. Mtu aliyeshinda kutwa akiyaendea magari ya wengine yaliyokufa alijua yanakufaje na yanafia wapi. Aliijua barabara kutoka chini ya gari.

Baada ya uhuru ujuzi huo wa chini ya gari ukasambaa kuliko kadi zilivyosambaa. Vijana wa spana wa gereji za Wahindi na Wazungu wakafungua gereji zao chini ya miti, Grogan, Kariobangi, kando ya barabara za Eastlands. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliitambua kazi ya namna hii kama sekta yenye uhai wake na kuitaka serikali iache kuisumbua. Sisi tuliiita jua kali. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akaruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu, na ghafla jiji likawa na magari mengi ya zamani yanayofanya kazi kutwa, mikononi mwa watu ambao hawakuwa na kadi ya chama chochote. Nani aliyaokoa yalipokufa? Utingo alishuka na jiwe la kuzuia gurudumu. Matawi yakawekwa barabarani kuonya wanaokuja, hata sheria iliposema ubebe pembetatu, zile tunaita lifesaver. Abiria wakasukuma. Fundi akaja kwa miguu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Wakenya hawana utamaduni wa kujikinga na hasara ya barabarani, namuuliza amewahi kukwama. Utamaduni upo. Kilichokosekana ni risiti.

*

Nikarudi kwenye kazi niliyopewa. Nilipiga simu sehemu nyingi nikiwa na maswali yaliyoandikwa kwenye daftari, na nayaweka hapa kwa sababu yangetuokoa pesa ya mwanzo kama ningeyajua.

Swali la kwanza: mnakuja, au mnarudisha pesa? Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika. Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, inamlipa uliyemgonga. Gari lako likizima usiku, haikujui. Bima kubwa mara nyingi ina kipengele cha kuvutwa, lakini sehemu kadhaa nilizouliza kilikuwa ahadi ya kurudishiwa gharama hadi kiasi fulani, na pengine baada ya ajali tu. Saa kumi na nusu alfajiri, ahadi ya kurudishiwa ni karatasi.

Swali la pili: mnatuma fundi kwanza au lori moja kwa moja? Magari mengi yanayokwama yana tatizo dogo, betri, pancha, fyuzi, mkanda wa feni, maji ya rejeta. Kampuni yenye malori peke yake itakuvuta hata kwa waya uliolegea.

La tatu: mara ngapi kwa mwaka, na kilomita ngapi? Neno "bila kikomo" lilikuwa kubwa kwenye tangazo na dogo sana kwenye mkataba.

La nne: gari la biashara mnalikubali? Probox ya kaka inabeba mzigo wa watu. Sehemu mbili ziliniambia nisiseme hivyo, niseme ni gari la familia.

La tano ndilo lililonifanya nipige simu zote hizi: ni wapi hamwendi? Nikagundua kwamba swali hili huwashangaza. Wanatarajia uulize kama wanafika Garissa au Turkana. Hawatarajii uulize kuhusu mahali ambapo ukisimama unasikia ndege za JKIA zikitua.

Kinachouma ni hiki. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo la mipango maalumu, na wakaazi wakakaa vikao kupanga barabara, mifereji na maji. Mwishoni mwa 2021 tingatinga zikaja kwa Njenga na kubomoa nyumba za maelfu ya watu, watu wakalala kwenye mahema juu ya vifusi na mvua ikawanyeshea. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupisha barabara, ile yenye jina la Catherine Ndereba, bingwa wetu wa marathoni. Tulipoteza nyumba kwa ajili ya barabara. Halafu mtu ananiambia kwenye simu kwamba kwetu hakuna barabara. Na AA ya Kenya, mjukuu wa kile chama cha 1919, ina ofisi zake hapo Embakasi, Airport South Road. Kutoka kwetu si hata safari ya kufunga mkanda.

*

Mwishowe nikapata sehemu mbili zilizofaa, na moja ikatuma ajenti nyumbani. Kijana mpole, viatu vyake vimepanguswa vizuri, na alikuja mpaka mlangoni bila kupotea, nikampa alama kwa hilo. Tukajaza fomu. Tukafika kwenye swali la mahali gari linapolala usiku. Akainua kalamu.

"Niandike Imara Daima," akasema, kwa sauti ya chini kama anayenifanyia hisani. "Si ni hapa tu? Itapita haraka."

Kaka akanitazama. "Andika tu, siste. Tulale."

Kusema ukweli, nilitaka. Imara Daima ni ng'ambo hapo. Kuna watu wa mtaa wetu walioandika Imara Daima kwenye barua za kuomba kazi, nami niliwahi kuandika hivyo chuoni. Tumejifunza kwamba anwani ni nguo, unavaa ile ya kukufikisha unakoenda. Lakini bima husimama juu ya ukweli wa anayeiomba. Ukidanganya kwenye fomu, siku ya shida wana sababu ya kukukataa, na sababu hiyo umewapa wewe mwenyewe. Hilo lilikuwa upande wa akili. Upande wa moyo, nilikuwa nimeshasoma kuhusu beji na kipande. Sikutaka kulipa pesa yangu ili nijifiche.

"Andika Mukuru kwa Njenga," nikamwambia. "Sisal. Na biashara, andika anabeba mboga."

Aliandika. Ilichukua siku tisa badala ya mbili, na bei ikapanda kidogo kwa sababu ya mboga. Kaka hakunisemesha vizuri wiki hiyo.

Hatukuiachia kampuni kila kitu. Kaka na madereva wengine kumi wa mzigo wakaunda chama, kila mmoja anatuma mia mbili kwa mwezi kwa M-Pesa. Pesa hiyo hulipa vijana wa kusukuma, mkokoteni wa kuhamisha mzigo, na waya za kujampia betri zinazokaa kwenye kibanda cha kuosha magari. Sheria ya kwanza waliyoiandika inasema gari la mwanachama likikwama, mzigo wa akina mama unaondoka kwanza, gari baadaye. Wale vijana wanne majina yao yamo kwenye daftari. Ndio watu wa kwanza wa kusukuma ninaowajua walioandikwa mahali popote.

Mwezi wa nne wa masika gari lilizima tena, saa kumi na moja kasoro, palepale tu. Safari hii lilikuwa rejeta. Nikapiga namba mpya huku nimeshika roho. Fundi mwenyewe ndiye aliyepokea, nyuma yake nikisikia pikipiki ikiunguruma.

"Uko wapi saa hii?"

"Kwa Njenga. Sisal."

"Sisal side gani? Ya kanisa ama ya choo?"

"Ya choo."

"Sawa. Usifungue rejeta, utaungua. Nakuja."

Nilipompigia kaka kumwambia, alisema mkokoteni umeshaondoka na nyanya.